Salmon, Shiga, Dutton: watu waliomo ndani ya majina ya bakteria

*Salmonella* haimhusu samaki wa aina yoyote. Jina limetokana na Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani aliyekuwa mkuu wa idara ya serikali ya magonjwa ya wanyama. Bakteria mwenyewe alitengwa mwaka 1885 kutoka kwa nguruwe, na aliyeifanya kazi hiyo maabarani ni msaidizi wake, Theobald Smith. Walidhani wamempata anayesababisha homa ya nguruwe. Baadaye ikajulikana homa ile ni ya virusi. Mwaka 1900 Mfaransa Joseph Lignières alipoipa jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu kiukoo, jina, akachukua la mkubwa wa kazi.

Kwa hiyo aliyetajwa siye aliyegundua, na ugonjwa aliosingiziwa bakteria huyu mwanzoni haukuwa wake. Jina limebaki vilevile, na ni haki libaki. Jina la kisayansi ni la kumtambulisha kiumbe. Heshima kwa mtu ni nyongeza tu. Anayelielewa hilo hatashangaa akikuta *Klebsiella* imebeba jina la Edwin Klebs wakati bakteria wa kichomi anayekaa humo alielezwa na Carl Friedländer mwaka 1882, na Klebs mwenyewe anajulikana zaidi kwa dondakoo.

Haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa maabara, maofisa ugani, na yeyote aliyewahi kukabidhiwa majibu yenye Kilatini akabaki anakodoa macho.

Maneno mawili, kazi mbili

Jina kamili lina sehemu mbili. La kwanza ni la jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, huanza kwa herufi ndogo hata kama ni la mtu. Yote mawili huandikwa kwa italiki, au hupigiwa mstari yakiandikwa kwa mkono. Ukishalitaja jina kamili mara moja unaruhusiwa kufupisha jenasi: *E. coli*, *S. aureus*. Hapo ndipo watu wanapokosea. *S.* inaweza kuwa *Salmonella*, *Shigella*, *Staphylococcus*, *Streptococcus* au *Serratia*. Ripoti ikitaja mbili kati ya hizo, andika jina zima kila mara.

Mpangilio huu uko kinyume na wetu. Kwetu Asha hutangulia, la baba au la ukoo likafuata. Kwa bakteria ukoo ndio unaotangulia, na ukoo huo ndio unaobadilika pale wataalamu wanapogundua kuwa kiumbe aliwekwa kwenye nyumba isiyo yake.

Jina la mtu likigeuzwa kuwa la jenasi hufuata njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni kuongeza mwisho wa Kilatini, ambao kwa majina yanayoishia na konsonanti huwa -ia: Lister akawa *Listeria*, Neisser *Neisseria*, Yersin *Yersinia*, Escherich *Escherichia*. Yanayoishia na irabu hupata mwisho mwingine: Benecke akawa *Beneckea*, na da Rocha Lima akawa *Rochalimaea*. Njia ya pili ni udogo wa Kilatini, -ella au -iella: *Shigella* kutoka kwa Kiyoshi Shiga, aliyemtenga bakteria wa kuhara damu katika mlipuko wa Japani mwaka 1897, *Bordetella* kutoka kwa Jules Bordet, wa kifaduro, *Brucella* kutoka kwa David Bruce. Njia yoyote utakayoifuata, jenasi iliyotokana na jina la mtu huhesabiwa kuwa ya kike kisarufi, hata kama mtu mwenyewe alikuwa na ndevu hadi kifuani. Kanuni hii inaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua mwisho wa neno la pili.

Kwenye spishi, jina la mwanamume kwa kawaida huishia -i au -ii, la mwanamke -ae. *Shigella* ni darasa zuri maana spishi zake ni nne tu. *S. dysenteriae* imetajwa kwa ugonjwa. Tatu zilizobaki ni watu: *S. flexneri* ya Simon Flexner, jina linaloishia -er, likaongezwa i moja, *S. boydii* ya John Boyd, konsonanti ya kawaida, i mbili, *S. sonnei* ya Carl Sonne, irabu, i moja. Anayeandika "boydi" au "flexnerii" amekosea tahajia, na kosa hilo humwangusha anapotafuta kwenye hifadhidata.

Wanawake ni wachache humu, ila wapo. *Kingella kingae* imembeba Elizabeth King mara mbili, kwenye jenasi na kwenye spishi. Mtaalamu huyohuyo wa Marekani ana jenasi nyingine yenye jina lake la kwanza na la ukoo kwa pamoja, *Elizabethkingia*. *Bartonella henselae*, anayeambukiza kwa kucha za paka, ametajwa kwa heshima ya Diane Hensel.

Mitego

Usione -ae ukakimbilia kusema mwanamke. *Neisseria gonorrhoeae* ni "ya kisonono", *Mycobacterium leprae* ni "ya ukoma", *Vibrio cholerae* ni "ya kipindupindu". Zote ni za magonjwa. Vivyo hivyo -i: *typhi* ni ya homa ya matumbo, hakuna bwana aliyeitwa Typhus.

Hata -ii haina uhakika. *Mycobacterium kansasii* ni jimbo la Kansas. *Natrialba magadii* ni Ziwa Magadi la Kenya, na huyo si bakteria hata kidogo. Ni akea, kundi jingine kabisa la viumbe wa seli moja, anayependa maji ya magadi na chumvi kali. *Bogoriella* inasomeka kama vile palikuwa na mtafiti aitwaye Bogor, kumbe ni Ziwa Bogoria. Na Bogoria lenyewe, wakati wa Waingereza, liliitwa Hannington, kwa jina la askofu aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Ziwa lilivua jina la mtu kabla bakteria wake hawajabatizwa. Lingechelewa, leo tungekuwa na jina tofauti kabisa.

*Hafnia* ni Copenhagen kwa Kilatini. *Legionella* ni chama cha maveterani wa Marekani ambao wajumbe wake waliugua hotelini Philadelphia mwaka 1976. *Francisella* ina Francis, lakini ni jina la ukoo la Edward Francis. Kinyume chake ni *Erwinia*: Erwin ni jina la kwanza la Erwin Frink Smith, bingwa wa magonjwa ya mimea. Pengine ni kwa sababu Smith wamejaa kila mahali. Leo mashauri ya kanuni za kimataifa za majina ya bakteria ni kutumia jina la ukoo.

Mtego mkubwa zaidi ni wa sarufi. Neno la pili likiwa la mtu kwa umbo la "wa fulani", halibadiliki bakteria akihamishwa jenasi. Likiwa kivumishi, lazima lifuate jinsia ya jenasi mpya. Bakteria anayeozesha viazi ghalani aliitwa *Erwinia carotovora*. Alipohamishiwa *Pectobacterium*, jenasi isiyo ya kike wala ya kiume, akawa *Pectobacterium carotovorum*. Mwenye shajara ya zamani na kitabu kipya huamini anasoma juu ya viumbe wawili.

Papasi wa Kasongo

Kuna jina moja ambalo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua kwa undani: *Borrelia duttonii*, bakteria wa homa ya papasi.

Papasi ni kupe laini, *Ornithodoros moubata*, anayekaa kwenye nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Papasi hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi, akashiba na kurudi ufani. Aliyeumwa huamka hana habari. Bakteria huingia kwa mate ya papasi na kwa majimaji anayoyatoa karibu na miguu yake wakati ananyonya. Siku chache baadaye homa hupanda ghafla, hushuka, hukaa kimya, kisha hurudi. Hurudi kwa sababu bakteria hubadilisha protini za juu ya mwili wake. Kinga ikishajifunza sura moja, hutokea wengine wenye sura mpya.

Mwaka 1904 Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, waliotumwa Kongo na shule ya tiba ya tropiki ya Liverpool, walionyesha kuwa kupe huyu ndiye anayeambukiza: waliwaweka papasi juu ya nyani na nyani wakaugua. Wao wenyewe pia waliambukizwa. Dutton alifariki Kasongo, Maniema, Februari 1905. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani akichunguza papasi, na akawakuta bakteria hao hadi ndani ya mayai yao. Maana yake papasi huwarithisha watoto wake, kwa hiyo nyumba inaweza kubaki na maambukizi hata ikihamwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1906 wataalamu wawili wa Marekani, Novy na Knapp, walimpa bakteria jina la Dutton: *Spirochaeta duttoni*, kwa i moja. Mwaka uliofuata jenasi *Borrelia* ikaundwa kumheshimu Mfaransa Amédée Borrel, na kanuni za tahajia baadaye zikaongeza i ya pili. Ukitafuta maandiko ya zamani, tafuta kwa tahajia zote mbili.

Kimaabara, bakteria huyu huonekana kwenye tone nene la damu lililopakwa rangi ya Giemsa, lilelile la malaria. (Giemsa naye ni mtu: Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg.) Tafuta nyuzi nyembamba zilizojikunja kama skurubu, katikati ya seli za damu, zisizo ndani ya seli. Damu ichukuliwe homa ikiwa juu; homa ikishatulia huwa wachache mno kwenye damu na tone hurudi safi. Huko Dodoma vijijini, ambako ugonjwa huu umejulikana kwa miaka mingi, mtu anayesoma slaidi akitafuta malaria peke yake anaweza kuwapita hivihivi. Jicho huona linachokitafuta.

Pale Entebbe kuna historia ya aina nyingine. Mwaka 1903 walikutana pale Aldo Castellani, Mwitaliano kijana aliyekuwa ameona vimelea vya malale kwenye maji ya uti wa mgongo, na David Bruce, aliyefika kuongoza uchunguzi huo. Bruce alikuwa ameshapata sifa Malta, alikomtenga bakteria wa homa ya Malta kutoka kwenye wengu za askari waliokufa. Mwaka 1920 bakteria huyo, pamoja na yule wa kutupa mimba kwa ng'ombe, waliwekwa kwenye jenasi *Brucella*. Spishi ya mbuzi na kondoo, *B. melitensis*, imebaki na jina la kisiwa, kwani Melita ndiyo Malta. Castellani yeye aligeuka kuwa mgawa majina: *Escherichia* na *Shigella* zote mbili zilichapishwa mwaka 1919 kwenye kitabu chake cha tiba ya tropiki alichoandika na Albert Chalmers.

Anavyopangwa

Kabla jina halijaandikwa, kiumbe lazima apangwe. Kituo cha kwanza bado ni rangi ya Gram, iliyobuniwa mwaka 1884 na Mdenmaki Hans Christian Gram huko Berlin, kwenye maabara ya Friedländer yuleyule tuliyemtaja. Kwa kuwa ni jina la mtu, iandikwe kwa herufi kubwa: Gram-chanya, Gram-hasi. Haina uhusiano na gramu za mizani.

Hatua zake ni hizi. Sambaza koloni kidogo kwenye tone la maji juu ya slaidi, utando uwe mwembamba kiasi cha kusomea gazeti chini yake. Acha ukauke wenyewe, kisha upitishe juu ya moto mara mbili tatu. Mwaga kristali violeti, subiri sekunde 60, suuza. Mwaga ayodini ya Lugol, sekunde 60, suuza. Sasa alkoholi ya 95%: inamisha slaidi, dondosha mpaka maji yanayotoka yasiwe na zambarau, kwa kawaida sekunde 10 hadi 15, halafu suuza papo hapo. Ukitumia asetoni, sekunde mbili au tatu zinatosha. Malizia na safranini sekunde 60, suuza, kausha, weka mafuta na lenzi ya 100.

Wenye ukuta mnene wa peptidoglaikani hushika mchanganyiko wa violeti na ayodini, wakabaki zambarau. Wenye ukuta mwembamba huoshwa, wakapokea uwaridi wa safranini. Hatua inayoharibu kazi ni ya alkoholi. Ukizidisha, hata *Staphylococcus* hugeuka waridi, ukipunguza, *E. coli* hubaki zambarau. Utando mnene hutoa rangi zote mbili kwenye slaidi moja. Koloni lililozidi saa 24 lina seli zilizokwisha kufa, kuta zimechoka, na Gram-chanya wengi husomeka hasi. Dawa ya haya yote ni moja: weka kwenye slaidi hiyohiyo doa la *Staphylococcus aureus* upande mmoja na la *E. coli* upande wa pili. Madoa hayo mawili yakigoma kutoa rangi zake, slaidi nzima tupa.

Baada ya hapo huja vipimo vya haraka. Tone la haidrojeni peroksaidi ya 3% likitoa povu ni katalesi (kimeng'enya kinachovunja peroksaidi) chanya, na hutenganisha *Staphylococcus* na *Streptococcus*. Usichote koloni kwenye agari ya damu ukabeba na damu yenyewe. Seli nyekundu zina katalesi yake na zitakudanganya. Kipimo cha oksidesi, kimeng'enya kingine, huisoma *Neisseria* kuwa chanya na jamaa ya *E. coli* kuwa hasi. Usitumie kitanzi cha waya wa nikromu kwenye kipimo hiki, maana chuma kilichomo kinaweza kutoa rangi ya uongo. Tumia kijiti cha mbao au platinamu.

Vipimo hivi vinamtosha mgonjwa. Havitoshi kumpanga kiumbe kiukoo, na hapo ndipo jenetiki ilipopindua meza. Tangu kazi ya Carl Woese ya mwaka 1977, undugu husomwa kwenye jeni ya 16S, ya sehemu ya ribosomu ambayo kila bakteria anayo, yenye besi takriban 1,500. Kufanana chini ya 98.7% na spishi inayojulikana ni dalili nzuri ya spishi mpya. Kufanana juu ya hapo hakuthibitishi kuwa ni spishi moja, na wengi hujikwaa hapo: lazima ulinganishe jenomu nzima, yaani DNA yote ya kiumbe, ambapo mpaka wa spishi moja ni wastani wa ufanano wa 95 hadi 96%.

Kwa kipimo hicho *Shigella* yote ingemezwa na *Escherichia coli*. Haijamezwa kwa sababu daktari anahitaji kutofautisha mkazi wa utumbo na msababishaji wa kuhara damu. *Yersinia pestis* wa tauni naye kijenetiki ni tawi la *Y. pseudotuberculosis*. Palitolewa pendekezo la kumfanya spishi ndogo yake, lakini mwaka 1985 tume ya kanuni ililikataa jina hilo kwa hoja ya usalama: mtu akikata jina refu katikati anaweza kuchukulia tauni kuwa jambo jepesi. Ni uamuzi wa busara, hata kama unawaudhi wapenda usafi wa mti wa ukoo.

Mnyauko uliobadilisha ukoo

Mkulima wa nyanya au viazi anamjua bakteria huyu bila kujua jina lake. Mmea hunyauka mchana ungali kijani, jioni unajiinua kidogo, siku chache baadaye umelala moja kwa moja. Kata kipande cha shina la chini, sentimita 3 hivi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria. Mnyauko wa kuvu hautoi uzi huo. Maji yakitikisika uzi huchanganyika na husomi chochote, na kipande kilichokaushwa na jua huweza kukunyima jibu.

Erwin Smith, yule wa *Erwinia*, alimweleza mwaka 1896 kwa jina *Bacillus solanacearum*. Baadaye akaingizwa *Pseudomonas*, mwaka 1992 akahamishiwa *Burkholderia*, iliyotokana na Walter Burkholder wa Marekani, na muda mfupi baadaye *Ralstonia*, iliyompa heshima Ericka Ralston. Jina la pili, lenye maana ya "wa jamii ya mnavu", halikuguswa hata mara moja. Mwaka 2014 spishi ikagawanywa, na baadhi ya waliopo Afrika sasa ni *R. pseudosolanacearum*. Kwa hiyo karatasi za ushauri za tangu miaka ya 1980 hadi leo zinaweza kuzungumzia shamba lilelile kwa majina manne. Ukitafuta taarifa, shika neno la pili. La kwanza ni la msimu.

Kuhama hivi kunaweza kumfuta mtu kabisa. Henrique da Rocha Lima, Mbrazili, ndiye aliyempa jina *Rickettsia prowazekii*, bakteria wa homa ya chawa, mwaka 1916. Aliwataja wenzake wawili waliouawa na homa ileile waliyokuwa wakiichunguza: Howard Ricketts mwaka 1910 na Stanislaus von Prowazek mwaka 1915. Yeye aliugua akapona, na baadaye akaheshimiwa kwa *Rochalimaea*. Mwaka 1993 jenasi hiyo iliunganishwa na *Bartonella*. Kanuni inataka jina lililotangulia lishinde, nayo *Bartonella*, ya Alberto Barton wa Peru, ilikuwa imetangulia. *Rochalimaea* ikafutika. *Henselae* ikahama salama.

Ukitaka kumpa jina mpya

Tuseme maabara ya chuo imempata bakteria kwenye udongo wa shamba na vipimo vinasema hajulikani. Kwanza awe safi: koloni moja, lioteshwe upya mara tatu, Gram irudiwe kila mara. Majina mengi yaliyokufa yalikuwa ya mchanganyiko wa viumbe wawili. Kisha 16S, jenomu, na vipimo vya tabia: joto analoota, chumvi, pH, sukari anazotumia, mafuta ya utando wake.

Halafu chagua mbegu ya kielelezo, yaani bakteria hai mmoja ambaye jina litafungwa kwake daima. Lazima awekwe kwenye hifadhi mbili za umma katika nchi mbili tofauti, kwa mfano DSMZ ya Ujerumani na JCM ya Japani, na uwe na vyeti vya hifadhi zote mbili. Hapa ndipo watafiti wa nchi zetu wanapokwama zaidi. Kibali cha kutoa viumbe nje ya nchi kikisema mbegu isigawiwe kwa mtu wa tatu, hifadhi haiwezi kumtoa hadharani, na jina halihesabiki. Zungumza na mamlaka ya vibali kabla ya kuanza, masharti ya ugawaji yaandikwe wazi. Kusubiri mpaka makala imekamilika ni kujitafutia mwaka mzima wa barua.

Jina lichapishwe kwenye jarida rasmi la kimataifa la taksonomia ya bakteria, IJSEM. Ukichapisha kwingine, tuma makala huko ili jina liingizwe kwenye orodha yake ya uthibitisho. Bila hivyo halina hadhi, hata kama limenukuliwa kila mahali. Orodha ya kuanzia ni ya tarehe 1 Januari 1980, ilipofagia maelfu ya majina ya zamani na kubakiza machache yaliyokuwa na maelezo na mbegu.

Maelezo ya asili ya jina yana umbo lake. Kwa Dutton husomeka hivi: *dut.to'ni.i. N.L. gen. masc. n. duttonii, of Dutton*. Silabi hutenganishwa kwa nukta, alama huonyesha mkazo, kisha lugha, umbo, jinsia, maana. Wahakiki husoma mstari huu kwa makini kuliko watu wanavyodhani.

Majina yetu mengi huishia na irabu, na hilo linabadilisha mwisho. Kwa mwanamume, kwa mfano wa kubuni: Kimaro atakuwa *kimaroi*, Mushi *mushii*, na Mwakyusa, kwa kuwa anaishia a, atakuwa *mwakyusae*, ingawa ni mwanamume. Ritifaa haziruhusiwi, hivyo Ng'ang'a hupoteza zote mbili: *ngangae*. Alama za juu za herufi nazo huondolewa, ö ya Kijerumani huwa oe.

Usijitaje mwenyewe, haipendezi, na ukimtaka mwenzako akutaje ukamlipa kwa kumtaja naye, wahakiki wanalijua zoezi hilo. Jenasi isipewe jina la mtu asiyehusika kabisa na bakteria au sayansi ya viumbe. Mfadhili na mwanasiasa waandikiwe shukrani mwisho wa makala. Jina refu lisilotamkika pia hushauriwa kuepukwa. Ukiona ulimi unakwama, taja ziwa, kijiji au kazi anayoifanya bakteria, kwa mwisho wa -ensis au -ense kulingana na jinsia ya jenasi, na kabla ya kutuma hakikisha jina hilo halijatumika tayari katika jenasi hiyohiyo.